Mama Léocadie Nabintu, Shemasi Aliyechagua Uwanja wa Tenisi

Wewe uliyeshika karatasi hii na kuvaa nguo nyeusi, ulimsalimia lini kwa mara ya mwisho Mama Léocadie akiwa hai? Jijibu kimoyomoyo, maana tumejaa humu ndani, na wengi wetu hatukumsalimia tangu Novemba 2019. Wasifu huu umeandikwa na mtoto wa mdogo wake, Jules, kwa ruhusa ya familia. Wazee wa kanisa waliomba habari za tenisi zifupishwe. Zimerefushwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 katika mtaa wa Kadutu, Bukavu, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Cirimwami, fundi cherehani, na Mama Faida, aliyeuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, sokoni. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kadutu, kisha sekondari ya wasichana ya masista, alikomaliza mwaka 1992.

Jioni za Jumatano yeye na wenzake walikaa sakafuni kwa jirani mwenye televisheni, wakatazama katuni ya Kijapani juu ya msichana dhaifu anayejifunza tenisi. Ila hawakujua kwamba ni ya Kijapani. Waliotia sauti ya Kifaransa walimnyang'anya msichana yule jina lake, Fumiyo, wakamwita Sandrine, kana kwamba mtoto wa kike hawezi kushika raketi mpaka abatizwe Paris. Katika kitabu cha michoro, ambamo katuni hiyo ilitoka, Fumiyo alishindwa mechi baada ya mechi. Katika televisheni walimfanya ashinde kila wiki, maana watu wa televisheni wanaamini watoto ni wajinga. Léocadie alikua akiamini kwamba Sandrine ni Mfaransa, na kwamba kushinda ni jambo la Wafaransa. Hata hivyo alichonga raketi ya ubao. Masista waliitia jikoni, wakapikia maharagwe.

Mwaka 1996 alihitimu chuo cha ualimu cha Bukavu katika hisabati. Alifundisha wiki tano tu, vita ikaingia mjini. Mwaka 1998 alikimbilia Kampala, na huko, tarehe 8 Julai 2000, alifunga ndoa na Déogratias Mushagalusa, seremala, mtu mpole ambaye leo hana nguvu ya kusoma, ndiyo maana anasomewa. Walifika London Februari 2002. Nchi hii ilimpokea mwalimu wa hisabati ikampa mopu. Alisafisha ofisi za watu kabla hawajaamka, na baadaye alitunza wazee majumbani, Kilburn na Tottenham, miaka kumi na nane.

Ilikuwa Kilburn, mwaka 2005, akitoka kwa mzee mmoja, alipoingia duka la vitabu vilivyotumika la Jaswinder kujikinga na mvua. Akaona sura anayoijua kwenye jalada. Akapiga kelele dukani, "Sandrine!" Jaswinder akamwambia kwa upole kwamba huyo si Sandrine, wala hajawahi kuwa.

Alikipeleka kitabu nyumbani, akakisoma kama mnavyosoma ninyi karatasi hii, toka kushoto kwenda kulia. Hakujua kwamba vitabu vya michoro vya Kijapani huanzia upande ambao vyetu huishia. Kwa hiyo aliisoma hadithi yote kinyumenyume. Ilianza na msichana mashuhuri uwanjani, watu wakimpigia makofi. Polepole akawa anasahau mapigo, anapoteza marafiki, mpaka ukurasa wa mwisho anasimama mlangoni mwa uwanja, hajui hata raketi inashikwaje. Mama Léocadie aliisoma hivyo wiki nzima ndani ya basi. Mumewe alimkuta jikoni analia.

"Nini tena, Mama Armelle?"

"Huyu mutoto ameandikwa mimi. Alianza mwalimu, akaishia mlangoni."

Aliporudi dukani kuulizia kitabu cha pili, Jaswinder alikigeuza kile cha kwanza mikononi mwake, akamwonyesha pa kuanzia. Mama Léocadie alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akakisoma upya, safari hii msichana akitoka mlangoni kuingia uwanjani, na alipomaliza alikuwa ameamua kufundisha wasichana tenisi. Ilimchukua miaka sita.

Mwaka 2011 alianzisha tenisi ya wasichana kwenye uwanja wa halmashauri nyuma ya maghorofa ya Tottenham, kila Jumamosi saa mbili asubuhi. Raketi zilitoka maduka ya mitumba. Walifika wasichana kumi na wanne, mabinti wa wasafishaji na watunza wazee, karibu wote wa kanisa hili. Alichukua sheria moja kutoka kitabuni: aliyeshindwa ndiye anayemchagua mpinzani wa mechi inayofuata. Wazazi waliona ni upuuzi. Wasichana walielewa siku ya kwanza.

Kisha ikaja filamu ya hadithi hiyo hiyo, ile ya waigizaji wa kweli. Jules aliitazama naye. Ni takataka iliyopigwa picha vizuri. Mwalimu wa tenisi, ambaye kitabuni ni mzee mgonjwa asiyecheka, katika filamu ni kijana mwenye kifua wazi, na Fumiyo anambusu kwenye mvua. Kamera inakaa chini ya magoti kwa saa mbili. Mama Léocadie alizima kabla haijaisha.

Papa Alexis, mzee wa kanisa, yeye aliimaliza. Tarehe 17 Novemba 2019, baada ya ibada, alimwita marehemu mbele ya baraza, akaweka simu mezani, picha ya busu imesimama kwenye kioo. Déogratias alikuwepo na anakumbuka kila neno.

"Mama Armelle, hii ndiyo munafundisha mabinti yetu?"

"Papa Alexis, kitabu ulisoma?"

"Nimeona filamu. Inatosha."

"Basi umeona miguu. Mpira haukuuona."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Papa Alexis akasema shemasi hawezi kuwa na mikono miwili, mmoja wa madhabahu na mmoja wa mambo haya. Achague. Watu tisa wazima, waliosoma Biblia jalada hadi jalada, walimhukumu mwanamke kwa kitabu ambacho hakuna hata mmoja aliyekifungua. Mama Léocadie alivua utepe wake wa ushemasi, akaukunja mara nne, akauweka juu ya simu.

"Jumapili muko wengi wa kuhudumu," akasema. "Jumamosi niko peke yangu."

Jumamosi iliyofuata walikuja watatu: binti zake wawili, Armelle na Gloire, na mtoto wa jirani. Kumi na mmoja walikatazwa na wazazi wao, na wazazi hao wako hapa leo na maua. Kuanzia siku hiyo marehemu alitaka jambo moja tu duniani, wale kumi na mmoja warudi. Hakutaka kuombwa radhi. Alibeba raketi zote kumi na nne kila wiki, miaka mitano, mvua na baridi. Mumewe alipomwambia aache nyingine nyumbani, alijibu, "Wakija wakute hakuna, watarudi tena? Sogea, nipitishe mufuko."

Oktoba 2024 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Hakulalamika sana, ila chakula cha hospitali alikilalamikia kweli kweli. Machi, Papa Alexis alikuja wodini na Biblia na shemasi mpya nyuma yake. Kabla hajafungua kinywa, mgonjwa alimuuliza, "Miska yuko wapi?" Miska ni binti wa Papa Alexis, na alikuwa mchezaji bora kuliko wote kumi na wanne.

"Anasoma, Mama."

"Mwambie bado anashika raketi kama mwiko. Aje nimurekebishe."

Papa Alexis aliomba kwa sauti kubwa, akaenda zake. Salamu hakuifikisha. Miska aliisikia kwa Armelle, wiki ya mwisho, wakati mgonjwa hakuweza tena kuongea.

Mama Léocadie alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa kumi jioni, mkono wake mkononi mwa Gloire. Ameacha mume, Déogratias. Mabinti wawili, Armelle na Gloire. Ndugu wanne, Bukavu na Kampala. Mtoto wa mdogo wake, Jules. Na wasichana watatu wa Jumamosi, ambao wawili ni hao hao wanawe. Mungu aliyekuwa akimwona pale uwanjani ampe pumziko, mahali pasipo na baraza.

Kesho yake asubuhi, Jumamosi, Jules alikwenda uwanjani kubandika tangazo getini kwamba hakuna mazoezi. Hakulibandika. Ndani walikuwa wasichana tisa, wakubwa sasa, wengine hawakuwa wamekanyaga pale tangu 2019. Miska alikuwa upande wa mbali, akipiga.

Gari la Papa Alexis lilisimama kando ya uzio. Alishuka na suti yake ya msiba, akaita, "Miska! Toka humo. Watu wako kwenye matanga, wewe unacheza?"

Miska akarusha mpira juu, akaupiga. Ulivuka uzio, ukabingirika mpaka kwenye viatu vya baba yake.

Papa Alexis akainama, akauokota. Wasichana wote walisimama wakimtazama. Aliutazama ule mpira, akatazama nyumbani kwa marehemu, ng'ambo ya barabara, ambako watu wa kanisa walikuwa wanaingia.

"Papa," Miska akasema, "rusha."

Alirusha kama mtu anayefukuza mbuzi. Mpira uligonga uzio, ukamrudia. Akarusha tena, ukamrudia. Akavua koti, akaliweka juu ya gari. Mara ya tatu ulipita. Miska aliudaka, akampa mgongo, akarudi kwenye mstari.

Papa Alexis akabaki nje ya uzio, mikono imening'inia, akisubiri mpira mwingine.