Serah Wanjiku, Binti Pekee wa Njoki

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Braamfontein, Johannesburg, asubuhi hii, haya ndiyo maisha ya mpendwa wetu Serah Wanjiku, kama familia ilivyoyaandika na kama yanavyosomwa na binamu yake Wairimu, aliyepewa kazi hii kwa sababu mume wa marehemu hawezi na binti yake amesema hataki.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1967, katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Othaya, Nyeri, nchini Kenya, akiwa mtoto wa kwanza na wa mwisho wa Mzee Kariuki, aliyefariki binti yake akiwa bado ananyonya, na wa Mama Njoki, ambaye hakuolewa tena ingawa walioleta posa hawakuwa wachache. Kwa desturi ya Wakikuyu, ambayo wengine wenu mnaijua na wengine mtaijua leo, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, wa pili hupewa jina la mama wa mama yake, na nyanya akishapata mjukuu mwenye jina lake husemwa kwamba amezaliwa. Ndivyo marehemu alivyoitwa Wanjiku, jina la mmoja wa wale mabinti ambao koo zetu zinahesabiwa kwao, jina ambalo ukiliita kwa sauti sokoni Nyeri wanawake watageuka hata usijue umemwita nani. Na kwa kuwa hilo lilikuwa jina la mama mkwe, Njoki hakuthubutu kumgombeza mtoto kwalo, akikasirika alimwita Serah, la ubatizo, jina la Waebrania lililofika vijijini kwetu pamoja na Biblia, nao wenzake wa shule walimwita Shiko, na Shiko ndiye tuliyemjua sisi nyumbani.

Njoki, kwa upande wake, ni jina linalotokana na kurudi, hupewa msichana ambaye wazee wanaona ndani yake kuna mtu aliyekuwa ameondoka, na zamani lilikuwa katika kila boma, siku hizi utalisikia zaidi kwa akina mama wazee, na vijana wakilibeba hulifupisha wakajiita Joki. Mama Njoki alikuwa na mtoto mmoja tu, kwa hiyo alikuwa na mlango mmoja tu wa kuzaliwa, na Shiko alikua akilijua hilo kama mtoto mwingine anavyojua njia ya kwenda kisimani. Hakuna aliyemlazimisha, mama yake alikuwa akimsuka nywele na kumwambia kwa kumtania kwamba siku moja watabadilishana nafasi, yeye atakaa chini asukwe, basi binti akamwahidi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973, akamaliza sekondari mwaka 1984, na mwaka 1985 akaingia chuo cha wauguzi Nairobi, alikohitimu mwaka 1988 na kubaki mjini akifanya kazi ya ukunga. Mikono yake ilisifiwa mapema. Tarehe 7 Agosti 1993 alifunga ndoa na Bwana Moffat Gikonyo katika kanisa la Presbiteri la nyumbani kwao Othaya, na mwaka 1995 Bwana Moffat alipopata kazi ya benki Johannesburg, walihamia huku wote wawili, wakakaa Bellevue, katika vyumba viwili vya nyumba kuukuu iliyogawanywa, na hapo hapo karibu Shiko akapata kazi katika zahanati ya uzazi, ambako alifanya kazi mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Mungu aliwajalia mabinti wawili. Wa kwanza alizaliwa tarehe 3 Novemba 1996, akaitwa Wangechi, jina la mama yake Moffat, na Othaya kukawa na sherehe, na Mama Njoki akaenda kwa mama mkwe wa binti yake na chai na sukari, akacheza ngoma kuliko wenye mtoto, kwa sababu anayefuata kwenye foleni hufurahi foleni ikisogea. Mtoto huyo alifariki tarehe 20 Januari 1998 kwa homa ya uti wa mgongo, akazikwa Westpark, mahali ambapo mama yake naye atalazwa leo mchana, ubavuni pake.

Shiko alipopata mimba tena alimwomba mumewe jambo moja, kwamba akiwa msichana aitwe Njoki, na Moffat alikubali, ingawa alikubali kwa ule mtindo wa mwanamume anayetumaini mtoto atakuwa mvulana. Lakini desturi inasema jina lililoanguka huinuliwa kwanza kabla ya jingine kupewa nafasi, na mama yake Moffat, ambaye naye sasa ni marehemu, alipiga simu kutoka Kenya siku ya uchungu, akamuuliza mwanawe kama amekusudia kumwacha mama yake amelala kaburini Johannesburg. Moffat si mtu mbaya, yuko hapa mbele yenu na mnamwona alivyo, alikuwa mtoto wa mama yake, akakubali. Binti alizaliwa tarehe 8 Agosti 1999, Shiko akavuja damu nyingi mno, madaktari wakamwokoa kwa kumtoa kizazi, na alipozinduka aliambiwa mambo mawili asubuhi moja, kwamba mtoto ni Wangechi, na kwamba hatazaa tena.

Alikaa mwaka mzima bila kumweleza mama yake habari ya kizazi. Njoki alikuwa akiuliza kwa simu, kwa adabu, kama hewa ya huko inamfaa, na Shiko alikuwa akijibu kwamba inamfaa, hadi siku aliposhindwa kuendelea kumdanganya mama mzazi, akasema ukweli, na mama akajibu kwamba amesikia, kisha akauliza kama huko kunanyesha.

Kazini, jina lake lilizaa kuliko yeye. Wanawake wa Kongo, wa Burundi, wa Zimbabwe na wa hapa hapa waliojifungua mikononi mwake waliwaita mabinti zao kwa jina la mkunga, hata ukitembea leo kutoka Bellevue mpaka Yeoville utakutana na Serah, Sara na Sarah, wengine mnawaona humu ndani wamesimama kando ya ukuta, na wakubwa wao wamemaliza shule. Shiko aliwapenda wote, lakini alikuwa akitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi ya viatu visivyo vya miguu yake. Tarehe 12 Machi 2009 alimzalisha Mama Arlène, mzaliwa wa Bukavu, na Arlène alipotaka kumwita mtoto Sara, Shiko alijikuta akimwomba amwite Njoki, akamweleza kisa chote kitandani pale, na Arlène, aliyekuwa bado anatetemeka kwa uchovu, akamjibu kwa Kiswahili cha kwao kwamba kama njo jina ya mama yako, basi ikuwe yake. Shiko akatuma picha Othaya siku hiyo hiyo. Mama Njoki alifurahi, alisuka kiondo kizuri akakituma kwa mtoto, lakini alimwambia binti yake ukweli, kwamba katika nyumba ile yeye amekaribishwa kama mgeni, hajazaliwa. Binti wa Arlène ana miaka kumi na sita sasa, ni msichana mpole, na hana kosa lolote katika jambo hili.

Likabaki tumaini moja, Wangechi. Alikulia Bellevue, Kikuyu na Kiswahili anavisikia vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, na mtaani kwa Kizulu, na akiwa na umri wa miaka tisa alipelekwa Westpark kuweka maua, akalisoma jina lake mwenyewe juu ya jiwe. Tangu siku hiyo alikataa kwenda tena. Tarehe 2 Juni 2023, akiwa ameolewa Soweto kwa watu wa heshima, alijifungua binti, na mama yake, aliyekuwa na haki ya kungojea zamu yake mwenyewe, aliiacha, akaomba nafasi hata ya jina la pili au la tatu apewe Njoki. Wangechi alimjibu kwa upole kwamba yeye ameishi maisha yote ndani ya nguo za mtoto mwingine, kwamba kila alipoitwa alihisi kuna anayegeuka kabla yake, na mwanawe hatamtia humo. Mtoto aliitwa Okuhle, jina la Kizulu, na hana la pili. Shiko hakubishana, alimwogesha mjukuu, alimbeba mgongoni, akampenda kweli kweli, na alipompigia mama yake simu alimwambia tu kwamba mtoto ni mzima.

Mwezi Februari 2025 marehemu alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili, na tarehe 11 Machi akagundulika kuwa na saratani ya kongosho, iliyokuwa imekwisha kuenea. Alitibiwa, akarudishwa nyumbani, akalazwa tena. Mwezi Julai alimwomba Wangechi mara ya mwisho, Wangechi akalia na hakukubali, na familia inalisema hili bila kumlaumu, kwa sababu tukianza kulaumu tutaanzia mbali sana na hatutajua pa kuishia. Tarehe 7 Septemba aliomba simu, akazungumza na mama yake, na waliokuwa chumbani walimsikia akisema kwa Kikuyu, nisamehe mama, sijakuzaa. Aliaga dunia tarehe 9 Septemba 2025, saa moja asubuhi, mumewe na binti yake wakiwa wamemshika, kila mmoja mkono wake, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Ameacha mume, binti, mkwe, mjukuu mmoja, na mama mwenye miaka tisini na mmoja asiyeweza kusafiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, ambao hawakutudanganya, wakunga wenzake waliokuja kumwogesha kwa zamu, majirani wa Bellevue waliopika na kulala nasi chini, Mama Arlène na wanawake wa Kongo waliosimamia jikoni, wafanyakazi wenzake Bwana Moffat, wakwe zetu wa Soweto, na umoja wa Wakenya wa hapa Johannesburg. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, mtusamehe.

Jana jioni Mama Njoki alipiga simu akatoa agizo, akataka lisomwe mbele za watu wote ili lisije likasahaulika. Amesikia kwamba baadhi yenu, kwa wema, mmeanza kusema mtawapa wajukuu wenu jina lake ili Shiko apumzike. Anawashukuru, na anawaomba msifanye hivyo. Amesema alikuwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo leo anawekwa ardhini, na mtu hazaliwi kwa huruma ya watu. Amesema jina lake ataondoka nalo, na asitafutiwe tena mtoto, si hapa wala Othaya. Tulijaribu kumbembeleza, akakata simu. Basi tumekubali, kwa kuwa hatuna kingine cha kumpa.

Shiko, pumzika kwa amani.