Yago Kaburini

Kwenye feri ya kwenda Mbita, mama aliyeketi mbele yangu alimwambia Bakari, muuza mitumba, kwamba Jumamosi walimrejesha kaka yake nyumbani. Alizama ziwani mwaka jana. "Pole sana, mama. Walimpata wapi?" "Hawakumpata. Tulizika yago."

Bakari alikunja uso. Sisi Wajaluo huzika yago, tunda refu kama mkono, badala ya mtu ambaye mwili wake umekosekana.

"Basi hamjamrejesha," alisema. "Kurejesha ni kitu kile kile kirudi. Hilo ni tunda tu." Ajabu, kutoka kwa mtu anayeuza makoti ya marehemu wa Ulaya, wengine wayavae badala yao.

"Bwana, wewe unasema kitu, mimi nasema ndugu yangu. Tangu apotee, mama yetu alikuwa analala mlango wazi. Jumamosi alifunga mwenyewe."

"Na mwili ukionekana kesho, je?"

Feri ikagonga gati. Mama alinigeukia mimi, Mjaluo mwenzake, nimsaidie. Nikainama chini ya kiti kutafuta mkoba wangu, ambao ulikuwa mapajani.