Naisenya Katoo, Aliyejua Nani Amekosekana

Marehemu Naisenya Katoo Parmuat alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Ewuaso Kedong, Kajiado Magharibi. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Katoo na Mama Jacinta, ambaye tuko naye hapa leo. Alimfuata kaka yake Leshan, naye akafuatwa na Resian, anayesoma wasifu huu kwa niaba ya familia. Jioni mbuzi waliporudi, baba aliwahesabu mmoja mmoja. Naisenya, akiwa na miaka sita, hakuhesabu. Alisimama tu langoni mwa boma, akawatazama wakiingia, kisha akasema, "Yule wa sikio lililokatika hayuko." Baba alihesabu upya na kukuta mtoto amesema kweli, jambo lililomuudhi kidogo.

Alisoma shule ya msingi nyumbani, na mwaka 2001 akajiunga na shule ya bweni ya wasichana mjini Kajiado. Leshan, aliyekuwa ameacha masomo ili achunge ng'ombe, ndiye aliyembebea sanduku la bati begani hadi steji, na kila likizo alimngoja pale pale. Desemba 2010 Naisenya alihitimu shahada ya sayansi ya kompyuta jijini Nairobi. Leshan hakuwapo. Agosti 2009, ukame ulipokaza, alikuwa ameondoka na ng'ombe arobaini na watatu kutafuta malisho upande wa mpakani. Mfanyabiashara mmoja alimwona Namanga akinunua betri za tochi. Tangu siku hiyo hajaonekana, yeye wala ng'ombe mmoja. Mzee Katoo alimtafuta hadi nguvu zikamwishia, akafariki mwaka 2014 bila jibu.

Mwaka 2012 marehemu aliajiriwa na kampuni moja hapa Kitengela iliyotengeneza fomu za kujazwa kwenye kompyuta. Enzi hizo masharti ya fomu yaliandikwa mara mbili: kwenye jedwali linalotunza habari, na tena kwenye fomu yenyewe. Mara nyingi hayakupatana. Fomu ilipokea jina refu, jedwali likalikata katikati. Naisenya alitunga programu iliyosoma jedwali na kuiandikia fomu masharti yake yenyewe. Jedwali likisema nafasi fulani isiachwe wazi, fomu haisongi mpaka ijazwe. Wenzake waliokolewa kazi ya kuchosha, na tusifiche, mwenye programu aliringa kidogo.

Alifunga ndoa na Moses Parmuat, mwalimu, tarehe 7 Desemba 2013 katika kanisa la hapa Kitengela. Mungu aliwajalia watoto wawili, Valerie na Sydney. Moses anasema mkewe hakuweza kula kabla ya kuuliza nani bado hajafika mezani.

Mei 2022, ukame mwingine ukiwa umetushika koo, Mama Jacinta alienda Kajiado kujiandikisha kwa chakula cha msaada. Fomu ilitaka kila mtoto wake awekwe mahali pamoja kati ya pawili: yu hai, au amefariki. Kwa Leshan, mama alikataa pote pawili.

"Mama, hii mashine haiwezi enda mbele kama hujachagua," karani alimwambia.

"Siwezi sema amekufa. Na siwezi danganya ati niko na yeye."

Akafunga shuka yake, akarudi nyumbani bila kuandikishwa. Hakumwambia mtu. Kwa miezi miwili majirani walipokea mahindi, yeye akakonda. Naisenya alipomtembelea Julai na kuona mifupa ya mabega, alimbana mpaka akasema. Ndipo alipoijua ile fomu. Ilitoka kampuni yao, programu ilikuwa yake, na hata jedwali alilichora yeye mwenyewe mwaka uliotangulia, alasiri moja, kwa haraka. Yeye aliyemjua mbuzi aliyekosekana alikuwa amemsahau ndugu yake.

"Yeiyo, mama, ni mimi nilikufungia mlango," alimwambia mama akilia.

"Basi fungua," mama akajibu.

Mkubwa wake kazini, Bwana Gichuru, alipinga. "Ukiwaachia nafasi wazi, watu watakuwa wavivu kujaza."

"Si wazi," Naisenya alisema. "Hilo pia ni jibu."

Alibishana naye siku tatu. Mwishowe akaongeza neno moja kwenye jedwali, haijulikani, na siku hiyo hiyo kila fomu iliyolisoma ikalipokea. Katika wiki ya kwanza familia thelathini na moja zilichagua neno hilo. Familia ya Mama Jacinta ilikuwa mojawapo. Naisenya hakuringa tena. Alisema kosa lake lilikuwa limesafiri kwa barabara ile ile, kutoka jedwalini hadi kila fomu, na hakujua ni akina mama wangapi walioondoka kimya bila kurudi. Jambo hilo lilimla ndani.

Februari 2025 madaktari waligundua kansa ya tumbo. Alitibiwa, akapata nafuu kidogo Mei, kisha akaanguka tena. Wiki zake za mwisho zilikuwa za maumivu makali, na hatutazipamba. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Kitengela, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Evalyne wa kanisani, aliyepiga chapa ratiba hii, aliuliza Leshan aandikwe wapi, kati ya walioachwa au kati ya waliotangulia. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Ni Mama Jacinta aliyejibu: "Naisenya alishaandika. Andika vile yeye aliandika."

Marehemu alitanguliwa na baba yake, Mzee Katoo. Ameacha mama yake Jacinta, mume wake Moses, watoto wake Valerie na Sydney, na mdogo wake Resian.

Kaka yake, Leshan Katoo: haijulikani.

Mungu ampumzishe Naisenya kwa amani, na amtunze Leshan popote alipo, kwa hali yoyote aliyo nayo.