Mama Makabati, Aliyetunza Viungo vya Watu Asiowajua

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Makabati, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika chumba cha nyuma cha duka la mama yetu, fundi cherehani. Alikuwa wa pili kati ya watoto watatu. Mimi ni kitindamimba. Kaka yetu mkubwa yuko hapa, mstari wa mbele.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na nyumbani, kisha chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la useremala. Wakati huo alinunua mnadani kopo la vifungo kwa ajili ya mama, na ndani yake akakuta jicho la kioo, la kahawia, la zamani sana. Mama alipiga kelele. Yeye aliliosha, akalitia mfukoni, akaenda nalo kwenye mtihani. "Tumesaidiana," alisema aliporudi.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika karakana ya viungo bandia ya hospitali kuu, akachonga miguu na mikono hadi alipostaafu mwaka 2016. Mchana alitengeneza vipya, jioni alisaka vya kale: meno ya mbao, mkono wa chuma wenye vidole vya springi, mguu mdogo wa mbao wa mtoto wa enzi za babu zetu. Makabati yakajaa chumba kizima. Watu walisema amerukwa na akili. Hawakujua raha aliyokuwa akiipata mle ndani. Tulikuwa tunakaa sakafuni, anaugeuza ule mguu mdogo kwenye mwanga wa taa. "Tazama hapa mbele palivyolika. Huyu mtoto alikuwa anapiga mpira! Wakamkataza, asisikie." Anacheka mpaka machozi, utadhani mtoto mwenyewe amepita mlangoni.

Aliolewa tarehe 12 Aprili 1986. Shemeji, dereva wa gari la wagonjwa, alikuja kumposa na pembe ya shaba, ya zile walizosikilizia viziwi wa zamani. Akamnong'oneza humo, "Utanikubali?" Dada akamjibu, "Paza sauti, mwenye kitu hiki alikuwa hasikii." Walijaliwa binti mmoja.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, na Februari 2023 akalazwa. Kwenye karatasi mlizoshika, kilichofuata kimekatwa na kamati ya mazishi. Nitakisoma.

Dada akiwa wodini, kaka alileta lori. Vyuma na shaba vikaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mbao zikachomwa nyuma ya nyumba. Shemeji ndiye aliyeshikilia mlango makabati yapite. Binti alikuwa safarini, na mimi sikuambiwa. Tulipomrudisha dada nyumbani, chumba kilinuka rangi mpya.

"Vitu vyangu viko wapi?"

"Tumekuondolea takataka upate hewa," kaka akasema.

"Na mguu wa yule mtoto?"

Dada alimtazama mumewe. Mumewe akatazama viatu.

Kesho yake nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kwa yule mnunuzi. Karibu vyote vilikuwa vimeshapondwa. Ulibaki mkono wa chuma tu, jamaa ameutundikia kofia. Alituomba radhi mtu wa watu, naye hakujua lolote, akaurudisha bure. Dada akauweka mezani mbele ya kiti cha kaka. Kila kaka alipokuja kumjulia hali, alikula akitazamana nao.

Siku moja kaka akasema, "Nisamehe kama nimekukosea."

"Toa hiyo 'kama'," dada akamwambia, "nakusamehe hapa hapa."

Kaka akasukuma sahani, akaondoka.

Dada alifariki asubuhi ya tarehe 17 Juni 2023, katika chumba hicho hicho kilichopakwa rangi. Figo ndizo zilizomuua, sibishi. Lakini alikufa amekasirika, na alikuwa na haki yake. Asisimame mtu hapa akatudanganya kwamba aliondoka akitabasamu.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, mdogo wake ninayesoma, na kaka yake. Ameacha pia watu wanaotembea mjini leo kwa miguu aliyoichonga yeye.

Pumzika kwa amani, dada yangu, hiyo ni yako na hakuna wa kuipakia kwenye lori.

Kaka, kaburi bado halijafukiwa. Sogea umwambie, bila 'kama'.