Bahshishi ya Meza ya Dirishani

Sogeeni, wanangu. Wewe kifungua mimba, kaa hapa miguuni pangu. Na wewe mdogo wake, weka hiyo simu mfukoni, kwa sababu pumzi niliyobakiwa nayo ni ya safari moja tu. Kuna jambo nimeligeuza kichwani miaka thelathini na moja bila kulipatia jibu: kwa nini mtu aliyesubiri chakula saa nzima, akaletewa kimepoa, akamwagiwa mchuzi kwenye suruali, alimpa mhudumu bahshishi kubwa kuliko bei ya chakula chenyewe?

Mhudumu huyo ni Kobe, huyu huyu anayeosha vyombo nyuma ya mkahawa wetu. Enzi hizo alihudumia meza, na vidole vyake vyote kumi vilifanya kazi. Mimi nilikuwa na sheria yangu: mteja aache bahshishi chini ya sahani, mhudumu asiiguse, aniletee vyote jikoni, nami nipime kazi yake hapo hapo. Ikiwa nono, nampa na kumsifu. Ikiwa haba, kofi. Isipokuwepo kabisa, nampiga kwa chochote kilicho karibu, na jikoni, wanangu, vilivyo karibu ni vingi.

Siku ile nilimwona kwa macho yangu Kobe akiivuruga meza ya dirishani tangu mwanzo hadi mwisho. Sahani ikaja bila kitu. Nikampekua, nikakuta noti kwenye mfuko wa aproni. Akasema, "Mama, amenitia mkononi, akanikunja vidole juu yake." Nikacheka, maana nani huacha pesa namna ile kwa huduma ile? Nikajua kaiba kwenye droo yangu. Nikamwamuru mpishi amshike, nikaulaza mkono wake wa kulia kwenye ubao wa kukatia nyama, nikaupiga kwa mchi wa kinu. Pigo la kwanza alipiga ukelele. La tatu alinyamaza, nikasikia mifupa, na bado nikapiga la nne.

Kesho yake mteja alirudi kuchukua mwavuli aliousahau. Nilipomuuliza, akasema ndiyo, yeye ndiye aliyempa Kobe ile noti. Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua, akachukua mwavuli, akaenda zake. Marehemu baba yenu alisema ni huruma, mpishi akasema ni wazimu. Mimi sijui. Vidole vitatu vya Kobe havikukunjuka tena, nikamhamishia kwenye karo la kuoshea vyombo, akabaki. Msidhani kubaki kwake ni kunisamehe, sikuthubutu kumuuliza.

Kwa hiyo nawausia: mkihudumiwa vibaya popote, acheni bahshishi ile ile ambayo mngeacha siku njema, kisha mwambieni mhudumu kwa mdomo kilichowaudhi. Hamjui kaamkaje, wala nani anamngoja jikoni. Kifungua mimba, habari zako za wiki iliyopita zimenifikia: chai ilikuwa baridi, ukapindua meza ya watu, ukamrushia binti wa watu sarafu usoni ikampasua juu ya jicho. Ulirudi ukisimulia huku unacheka, nami huku kitandani nikausikia ule mcheko wangu kinywani mwako, nikaogopa kuliko ninavyoogopa kufa.

Nusu ya mkahawa ni ya Kobe. Nusu nyingine gawaneni ninyi wawili. Umesemaje, mdogo mtu? Vidole vitatu haviwezi kuwa nusu ya mkahawa? Basi lete chako kimoja tukiponde, tujue bei yake... Nisamehe, mwanangu. Nakufa na ulimi huu huu.

Nipe maji. Inatosha.

Ile sheria yangu ya sahani izikwe pamoja nami, na siku ya maziko wahudumu wote wakae, ninyi ndio muwapakulie. Mungu awatunze, awape mikono isiyo kama yangu. Hati ya nusu ya Kobe iko chini ya mto, nimeshaitia dole gumba mbele ya wakili. Anatakiwa mtu wa kuipeleka.

Mdogo mtu unatazama ukuta. Haya... Na wewe? Umeinuka. Ichukue, baba. Usimwite huku, nenda wewe kwake, umpe katika mkono ulio mzima, na akikutemea mate, simama pale pale.

Mlango huo... Anashuka ngazi... Amefika uani. Naisikia sauti yake, anabisha hodi jikoni. Amekwenda yeye, kifungua mimba wangu.