Nusu Ekari Aliyoiomba Karani Opolot

Wasifu huu umetayarishwa na familia na kusomwa na dadake marehemu, Mwalimu Rael Akurut, mjini Osuret, Ijumaa tarehe 21 Septemba 1979.

Padri, waheshimiwa madiwani, jamaa na majirani: familia imenipa kazi hii kwa sababu mimi ni mwalimu na sauti yangu inafika mbali. Kaka yetu mkubwa, Mzee Oluka, aliniomba niandike kwa upole. Nimejaribu.

Marehemu Phanuel Opolot alizaliwa tarehe 3 Mei 1932 karibu na Amukura, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Emojong na marehemu Mama Amuron. Mama alikuwa akisimulia kwamba tangu utotoni hakuweza kuona vurugu akanyamaza. Alipotumwa kuchunga, aliwapangia ndama zamu ya kunywa maji, na ndama aliyeruka foleni alirudishwa nyuma, hata kama jua lilikuwa linatua na wachungaji wenzake walikuwa wamekwisha kufika nyumbani. Baba alimchapa kwa kuchelewa. Kesho yake akawapanga tena.

Alisoma shule ya msingi Amukura, kisha akaendelea Nambale hadi mwaka 1950. Alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko mzuri siku zile ulikuwa kazi tayari. Alianza kama karani wa chifu, na mwaka 1955 akapelekwa Maseno kwa kozi ya ukarani wa serikali za mitaa. Alirudi na taipureta kuukuu na tabia ya kusema "mheshimiwa" hata kwa mama yake.

Tarehe 7 Septemba 1957 alifunga ndoa na Truphena Alupo, na Mungu akawajalia watoto wanne. Nyumbani kwao palikuwa na utani mmoja ambao kila mgeni aliukuta. Mtoto akitaka kuku achinjwe Jumapili, ilibidi atoe hoja, mwingine aiunge mkono, halafu wote wapige kura. Truphena alizoea kuingia na kisu mkononi na kusema, "Mwenyekiti, kuku amekwisha kuchinjwa, endeleeni na mkutano." Phanuel alicheka hadi machozi. Nataka mkumbuke kwamba aliwahi kucheka hivyo, kwa sababu wengi wenu mlimfahamu baadaye.

Mwezi wa Januari 1970 aliajiriwa kuwa Karani wa Baraza la Mji huu wa Osuret. Mji wenyewe mnaujua: barabara moja ya malori kati ya Busia na Malaba, soko, dispensari, kichinjio na madiwani saba. Baraza lilikuwa na trekta moja na tela moja, na kuendesha mji maana yake ilikuwa kuamua leo tela hilo liko wapi. Jumatatu lilizoa takataka pale malori yanapolala, na Jumatatu iliyofuata rundo lilikuwa limerudi kana kwamba hakuna aliyeligusa. Jumanne lilibeba mapipa ya maji kupeleka sokoni, maana mfereji ulikuwa unakohoa tu. Jumatano, siku ya soko kubwa, marehemu alishinda akiamua ugomvi wa kivuli kati ya akina mama wa dagaa wa omena kutoka Sio Port na akina mama wa nyanya. Alhamisi asubuhi alikuwa kichinjioni na mkaguzi wa nyama, na mchana alikaa na madiwani, halafu akabaki peke yake akipiga taipu maneno ya watu waliozungumza kutwa bila kukubaliana lolote. Aliniambia kazi ile ni sawa na kufua nguo za watoto, kwamba ukianika ya mwisho, ya kwanza imekwisha kuchafuka. Lakini hiyo hakuilalamikia. Aliipenda.

Ijumaa tela lilisuguliwa kwa majivu na maji moto, kwa sababu Ijumaa lilibeba maiti.

Hapa lazima nieleze, maana kuna wageni. Sisi watu wa huku hatuzikani kwenye ardhi ya serikali. Mtu hurudishwa kwao, alazwe karibu na baba zake, na ndiyo maana wakati mji huu ulipopimwa hakuna aliyekumbuka kutenga makaburi. Nani angezikwa mjini? Lakini mji wa mpakani hupata watu wasio na kwao. Kuna dereva aliyepinduka na lori, na jina lake hakuna anayelijua. Na tangu mambo yalipoharibika ng'ambo ya mpaka, kuna waliovuka wakiwa na majeraha au na njaa na kufia dispensari, na wengine waliletwa na mto Malaba wakiwa wamekwisha kufa. Dispensari yetu haina chumba cha baridi. Karani ndiye aliyeitwa.

Mwezi wa Februari 1972 marehemu aliliomba Baraza nusu ekari ya makaburi ya umma. Nusu ekari, waheshimiwa, mahali popote. Hakuna aliyempinga. Wote walisema ni jambo muhimu sana. Madiwani wa upande wa juu wa mji walisema litafaa upande wa chini, na wa chini walisema kule juu kuna nafasi zaidi. Mmoja akasema akina mama hawatauza mboga wakitazama makaburi. Mwingine akasema hao si watu wetu, tukiwatengenezea mahali watazidi kuja, kana kwamba mtu hufa kwa sababu amesikia kuna shimo zuri Osuret. Mwenyekiti, mheshimiwa Diwani Ojiambo, akafunga kwa maneno ambayo marehemu aliyasikia mara nyingi hadi akawa anayasema usingizini: "Karani, hiyo maneno ni ya maana. Weka kwa minits, tutaiangalia mitingi ijayo."

Mtu mwingine angeelewa. Kaka yangu aliamini mitingi ijayo. Huo ndio udhaifu wake, na ndio uliomuua.

Mwezi wa Juni 1973, Ijumaa, walikuwa na maiti ya mwanamume aliyetolewa mtoni. Misheni ilikuwa imekwisha kusema uwanja wake wa kuzikia umejaa. Ogutu, dereva wa trekta, yuko pale nyuma na anaweza kuthibitisha, alizima injini katikati ya barabara akauliza, "Boss, huyu mzee tunampeleka wapi? Jua ni kali." Phanuel alitazama huku na huku, kisha akasema, "Tumlaze kwangu, chini kule kwa mihogo. Ni wiki moja tu. Alhamisi Baraza litakaa, tutamhamisha."

Wiki moja tu! Mtu aliyezaliwa hapa, anayejua mila kama sisi sote, alisema hivyo kwa sababu miaka ya ofisi ilikuwa imemfundisha kwamba kila kitu ni cha muda hadi kikao kikae. Kaburi si kibanda cha soko. Likishafunikwa halifunguliwi ila watu wa marehemu waje wenyewe, wafanye yanayofanywa, na watu wa yule bwana hakuna aliyewajua. Alhamisi Baraza liliahirisha. Kisha akaja mwingine, na kwa kuwa mmoja alikuwa pale tayari, wa pili alifuata, na mihogo ikarudi nyuma kidogo kidogo hadi ikaisha.

Truphena hakumzuia. Alimwambia tu, "Baba Millicent, hawa wageni wako hawaagi." Alifagia yale makaburi kama anavyofagia uwanja wake. Lakini majirani waliacha kupita njia ya kwetu, na wanawake waliokuwa wakija kusaga naye waliacha kuja.

Mwezi wa Desemba 1977 walikuja wakwe watarajiwa kumwona binti yao mkubwa, Millicent. Watu wazuri, wenye heshima, kutoka Nambale. Chakula kiliandaliwa. Mzee wao mmoja alitoka nje kujinyoosha, akaona zile safu, akarudi akauliza, "Mzee, hawa ni wa ukoo?" Marehemu angeweza kusema ndiyo. Madiwani wangesema ndiyo. Yeye alisema, "Hapana, ni watu wa barabarani, Baraza bado halijawapatia mahali." Wageni walinawa mikono, wakashukuru, na hakuna aliyegusa chakula. Kila mtu hapa anajua maana ya mgeni kunawa na kuondoka bila kula. Millicent alikusanya zile sahani zote zikiwa zimejaa. Hakuna aliyekuja tena, kutoka Nambale wala kwingineko.

Baada ya siku ile marehemu alibadilika. Alikwenda ofisini, Jumatatu akazoa takataka, Jumanne akapeleka maji, lakini utani wa kuku uliisha. Kila mwezi aliiweka ile nusu ekari kwenye ajenda na kila mwezi iliahirishwa. Nilimwambia, "Kaka, achana nao, waache wawabebe wenyewe." Akasema, "Rael, nikiacha, watawaweka wapi?"  Nilikasirika nikaondoka nikarudi kwangu Sigalame.

Ugonjwa wake ulianza Novemba mwaka jana, vidonda vya tumbo. Mwezi wa Aprili mwaka huu, vita vilipofika karibu na mpaka, watu walivuka kwa wingi usioelezeka, na wiki nyingine tela liliwabeba siku zote tano, takataka zikabaki zilipo. Yeye alikuwa akitapika damu, na bado akipanda trekta pamoja na Ogutu. Daktari alimwagiza alale. Alilala mwezi wa Agosti, wakati hakuweza tena kusimama. Alifariki nyumbani kwake Jumamosi tarehe 15 Septemba 1979, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Truphena. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Neno la mwisho la maana alilosema lilikuwa kuuliza kama Baraza limekaa.

Sasa yule aliyewatafutia watu mahali akawa hana mahali. Jumapili, mwili ukiwa umehifadhiwa hospitali ya Busia, wazee wa ukoo waliketi. Mzee Oluka alisema mbele yangu, na nayaandika kama alivyoyasema: "Hiyo boma si boma tena. Tukimlaza katikati ya hao wageni, kesho watu wa ng'ambo watakuja waseme hapa ni kwao, wazee wao wamelala hapa na huyu ni mmoja wao." Nikauliza kama basi anaweza kulazwa kwa Mzee Oluka mwenyewe, kaka wa damu moja. Akasema, "Alipewa shamba lake na baba, akaligawa kwa maiti. La kwangu sigawi." Hakusema kwa chuki. Alikuwa analia. Lakini alisema, na wazee wakaitikia.

Ndipo Jumanne Baraza likaitisha kikao maalumu. Waheshimiwa madiwani, nawashukuru. Chai haikuwa imepoa mlipokuwa mmekwisha kupitisha: nusu ekari, upande wa chini, nyuma ya kichinjio, hapa hapa tulipoketi. Ardhi aliyoiomba kwa zaidi ya miaka saba ilipatikana kabla sijamaliza kikombe. Hakuna akina mama wa mboga waliolalamika. Nililia nikidhani ameshinda. Kisha karani wa muda akanisomea kilichoandikwa: kwamba ardhi imetolewa kwa heshima ya marehemu karani peke yake, na isichukuliwe kuwa ni makaburi ya umma. Mheshimiwa Mwenyekiti alinishika bega akasema, "Dada, hii tumefanya juu ya yeye, alikuwa mtu wetu. Usitufungulie mlango."

Waombolezaji, sina la kuwafariji. Nimetafuta neno la matumaini la kuweka hapa, kama inavyotakiwa, na nimelikosa. Jumatatu takataka zitakuwa pale pale. Mtu alitoa mwili wake na shamba lake na ndoa ya binti yake, na mji haukusogea hata hatua moja.

Marehemu ameacha mjane, Truphena Alupo. Watoto Millicent, Josphat, Zilpa na Wilkister. Kaka yake Mzee Oluka. Dada yake, mimi Rael, na shemeji yake Mwalimu Ogola wa Sigalame. Ameacha pia, chini kule ilipokuwa mihogo, watu ambao majina yao hatuyajui, na Truphena amesema ataendelea kuwafagilia.

Mkisimama sasa kwenda kaburini mtaona mashimo mawili. Msidhani waliochimba walikosea. Tangu Jumatano kuna mama amelala dispensari akingoja kuzikwa, alivuka mwezi wa Juni na hakupona. Waliokuwa naye walimwita Nalongo, jina ambalo ng'ambo humpa aliyezaa mapacha. Mapacha wake hatujui walipo. Leo ni Ijumaa, na Ogutu ameosha tela. Atakuja nyuma ya jeneza la kaka yangu, na Truphena, watoto na mimi tumekubaliana kwamba hatutaondoka hapa hadi mashimo yote mawili yafunikwe.

Waheshimiwa, mnajua mila. Kaburi likishafunikwa halifunguliwi. Mnaweza kukaa mitingi ijayo.

Mungu awapumzishe wote wawili.