Mgongo wa Adriano

Ni nani kati yenu hajawahi kusema, hata kwa kunong'ona, kwamba Violeth ndiye aliyemlemaza kaka yake? Msijibu, sikilizeni tu; mimi ni Hellena, mdogo wake, na familia imenituma nisome wasifu wa marehemu.

Profesa Violeth Philipo alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Mollo, mtoto wa pili wa Mzee Philipo na Mama Agnesi, akaanza shule hapa hapa mwaka 1982, na tarehe 6 Julai 1985, tukisomba mahindi, kaka yetu Adriano akaanguka kutoka juu ya mkokoteni wa maksai, Violeth akakutwa amemshika mabegani, Adriano amekaa, miguu yake haikusimama tena, na tangu hapo ikasemwa kwamba bila kuinuliwa vile angepona.

Violeth alisomea udaktari Dar es Salaam kuanzia 1995, akapata shahada ya uzamivu ng'ambo mwaka 2008, akarudi kufundisha na kutafiti namna ya kuunganisha mishipa ya fahamu iliyokatika ndani ya uti wa mgongo, na kwa kuwa alianza na panya, hapa mlicheka kwamba serikali imesomesha mganga wa panya, ingawa ni yeye aliyetueleza kwamba moto anaousikia Adriano kwenye miguu isiyohisi hata sindano si uongo wala si jini, ni mishipa iliyojeruhiwa inayoendelea kupeleka habari ubongoni, akamtafutia dawa, Adriano akapata usingizi. Wanafunzi walipomuuliza kwa nini uti wa mgongo, aliwajibu kwamba nyumbani kuna mgongo alioharibu. Kila likizo aliwakusanya bodaboda wa Sumbawanga mjini, akawafundisha kwamba aliyeanguka haketishwi, analazwa kwenye ubao.

Tarehe 19 Julai 2003 alifunga ndoa na Ipyana, afisa ardhi kutoka Mbeya, aliyejifunza kusonga ugali wa ulezi mwenyewe, maana mkewe hakujua kuusonga na hakujifanya anajua, wakajaliwa Tusekile na Meshack.

Violeth aligundulika kuwa na saratani ya kongosho Novemba 2023, na yeye aliyemtuliza kaka yake maumivu, yake yakamshinda, naye hakuficha, akafariki tarehe 2 Juni 2024 hospitalini Mbeya. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani kwa kuni na masufuria, na maprofesa waliokaa mkekani kama sisi.

Limebaki moja. Juzi mchana nilimwendea baba mdogo Raymond, aliyeswaga maksai wale, nikitaka tarehe ya ajali tu. Aliomba Adriano aletwe na kiti chake cha magurudumu, kisha akasema maneno haya, na ameridhia yasomwe akiwa ameketi hapa mbele yenu:

"Violeth hakuinua mtu. Nilimwinua mimi, kwa makwapa, Adriano akiwa amezimia, nikamketisha, nikakimbilia maksai. Mtoto alikuja kumshika tu asianguke. Watu walipouliza, nikamwachia yeye lawama, naye kwa utoto wake akaamini kwamba kule kumshika ndiko kulikomlemaza."

Dada, upumzike. Hukumwinua wewe.